Bomba la Chuma la Kuchomelea: Pima Unene Kabla ya Kulipa

Na Mwandishi Wetu

Waswahili husema rahisi huwa ghali. Mwananchi hukumbuka kauli hiyo pale geti jipya linapolegea kwenye bawaba, au kichanja cha tangi la maji kinapoanza kupinda. Mara nyingi lawama humwendea fundi, ilhali kosa lilianzia dukani, wakati wa kuchagua bomba.

Mabomba ya mraba, maarufu kwa mafundi kama skwea paipu, hutambulika kwa vipimo viwili: upana wa nje na unene wa ukuta wake. Upana huonekana kwa macho, lakini unene hujificha. Bomba la milimita 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 1.2 hufanana kabisa na lile la milimita 1.5, hasa likishapakwa rangi.

Njia ya kwanza ya kulitambua ni kupima ukuta kwa kalipa kwenye ncha iliyokatwa, pasipo na kingo za msumeno. Njia ya pili ni mizani. Bomba hilo la urefu wa mita 6 lenye ukuta wa milimita 1.5 huwa na uzito wa takriban kilo 10.7, na lile la milimita 1.2 takriban kilo 8.7. Anayelipia la kwanza akapewa la pili hupoteza karibu moja ya tano ya chuma alichonunua.

Unene huamua pia ubora wa uchomeleaji. Ukuta mwembamba hutoboka upesi kwa moto wa umeme, na fundi asiye na uzoefu hujikuta akiziba matundu badala ya kuunga chuma. Aidha, kutu ikianza ndani ya bomba, ukuta mwembamba ndio huisha kwanza. Kwa wakazi wa mwambao, ambako hewa ina chumvi, ni vyema ncha zote zizibwe na rangi ya kuzuia kutu ipakwe mapema.

Kichanja cha tangi kinahitaji tahadhari ya pekee. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, mbali na tangi lenyewe. Mabomba ya fremu ya dirisha hayafai kuwa miguu ya kubeba mzigo huo juu ya vichwa vya watoto wanaocheza uani. Miguu iwe na ukuta mnene, iungwe kwa vyuma vya mshazari, na vipimo vyake vithibitishwe na mtaalamu wa ujenzi.

Kwa mabomba yaliyopakwa zinki, moshi wake wakati wa kuchomelea huweza kusababisha homa na kutetemeka saa chache baadaye. Zinki iondolewe kwanza sehemu ya kuungia, na kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye jukumu la kusimamia viwango vya bidhaa nchini. Hivyo, mnunuzi aulize kama bomba limekidhi viwango, aombe lipimwe mbele yake, na adai risiti ya EFD inayoonesha upana na unene alioulipia. Risiti hiyo ndiyo itakayomtetea endapo atarudi dukani kulalamika.