Kuanguka Mitini: Ajali Iliyo na Kinga

Karafuu iliingia Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu la zao hilo. Msimu unapowadia, watu wa vijiji vingi vya kisiwa hicho, wakiwamo wa Wingwi katika Wilaya ya Micheweni, huacha shughuli nyingine wakaenda kuchuma. Wengi hurudi na fedha za sare na madaftari ya watoto. Wachache hurudi wamebebwa.

Mtu akianguka mkarafuu au mnazi, habari yake humalizwa kwa maneno machache: ilikuwa ajali. Neno hilo lastahili kuchunguzwa. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliokadiriwa, hasa ule wa mwisho wa uhai. Nasi tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Makala haya yanashikilia kinyume chake: majeraha ya kuanguka mitini yana sababu zinazopimika, na jambo linalopimika aghalabu huzuilika. Hoja hii haipingani na imani ya mtu. Watu wa Pemba wanaifahamu vyema habari ya bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Mwili hupokea nini?

Daktari Mmarekani William Haddon (1926–1985) alifundisha kwamba jeraha hutokea pale nishati inapouingia mwili kwa kiasi kisichoweza kustahimiliwa na viungo. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kulihakikisha jambo hili kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue mchumaji wa kilo 60 aliyesimama kwenye tawi lililo mita 10 juu ya ardhi; mkarafuu uliokomaa hufikia kimo hicho na kukipita. Akiteleza, hufika chini kwa muda wa sekunde 1.4 hivi. Kasi yake wakati huo ni mita 14 kwa sekunde, sawa na gari liendalo kilomita 50 kwa saa, na nishati aliyo nayo ni jouli 5,880. Ardhi ikimsimamisha katika umbali wa sentimita 10, mwili wake hupata kani ya wastani ipatayo mara 100 ya uzito wake. Mifupa ya miguu, nyonga na uti wa mgongo haikuumbwa kwa mzigo huo. Pingili za uti zikivunjika na kuubana ugwe wa neva uliomo ndani yake, mtu huweza kupooza maisha yake yote.

Sasa tubadili hesabu. Akianguka kutoka mita 2 badala ya 10, kani hushuka hadi mara 20 hivi. Akianguka kutoka mita 10 lakini juu ya ardhi laini inayomsimamisha katika sentimita 20, kani hupungua kwa nusu. Kimo cha mti na ulaini wa ardhi ni mambo mawili yaliyo chini ya uwezo wa binadamu.

Kwa nini mchumaji huanguka?

Si kwa uzembe tu. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, kwa hiyo mchumaji hufukuzana na siku. Hulipwa kwa kadiri alivyochuma, kwa hiyo hufukuzana na kipimo. Tena vishada vya karafuu huota kwenye ncha za matawi, mahali palipo pembamba kuliko pote. Anayetaka kuvifikia huvutwa mbali na shina. Yako pia maradhi yanayoua matawi na miti mizima, na tawi kavu halimwonyi mtu kabla ya kukatika. Mwishowe, msimu unapokutana na mvua za vuli, gome huteleza.

Hatua tatu za kinga

Haddon aliigawa kinga katika hatua tatu: kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake.

Kabla ya tukio, kagua mti na ondoa matawi makavu. Tumia ngazi kwa sehemu za chini. Lete tawi kwako kwa upembo badala ya kulifuata. Usipande mti ulioloa, wala usipande peke yako.

Wakati wa tukio, linalookoa ni matayarisho. Mkanda imara uliofungwa kwa kamba fupi kwenye shina hupunguza umbali wa kuanguka. Chini ya mti ondoa mawe, visiki na mapanga, kisha rundika majani makavu. Watoto wanaookota karafuu wasikae chini ya mchumaji.

Baada ya tukio, kosa lililo kubwa ni huruma isiyo na elimu: kumkalisha majeruhi, au kumnyanyua kwa mikono na miguu. Tazama kwanza kama anapumua. Damu ikitoka, bana kidonda kwa kitambaa safi. Kisha watu kadhaa wamhamishe kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, wamlaze juu ya ubao au mlango ulioondolewa, na kumpeleka hospitali.

Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) limekuwa likitoa fidia kwa wachumaji walioanguka. Hilo ni jambo la haki, lakini fidia huja baada ya mfupa kuvunjika. Hatua mbili za kwanza zahitaji mwalimu.

Nafasi ya shule

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo jumla ya dunia haimwambii mwanakijiji ni mti upi wa kuogopa. Humwambia takwimu za kijijini mwake. Katika mji mdogo wa Falköping, Uswidi, kazi ya kinga ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kuandika kila jeraha lililotokea, na majeraha yakapungua. Mwaka 1989 mkutano wa kimataifa uliofanyika Stockholm uliipendekeza njia hiyo kwa jamii nyingine.

Shule ya Wingwi, au ya kijiji kingine chochote, inaweza kuanza na daftari moja. Kwa msimu mzima, na kwa idhini ya wahusika, wanafunzi waandike bila kutaja majina: umri wa aliyeanguka, aina ya mti, kimo, hali ya hewa, saa, vifaa alivyotumia na namna alivyobebwa. Msimu ukiisha wachore jedwali la hatua tatu, kisha walipeleke kwa sheha na wazee wa kijiji. Hapo ndipo itakapoonekana ni ajali ngapi zilizokuwa na kinga.

Zoezi: Mkwezi wa kilo 50 ameanguka kutoka mnazi wa mita 15. Tafuta kasi na nishati yake anapofika chini. Je, kamba ya mita 1 ingebadili vipi jibu lako?