Wa Musoma kasema hivi, wa Mwanza kasema vile: nani anakosea?

Chukulia mama wa Bunda ana uvimbe kwenye titi. Kipimo cha kinyama kimeonyesha ni saratani. Anaenda Musoma, daktari wa upasuaji anamwambia titi lote litoke. Binti yake anamvuta Mwanza, huko daktari mwingine anasema tutatoa uvimbe tu, kisha mionzi. Mama anarudi nyumbani kachanganyikiwa, na shemeji wa Butiama anapata nafasi ya kuleta chupa yake ya mizizi: "Si unaona, wenyewe hawajui!"

Hebu tulia kidogo. Inawezekana kabisa madaktari wote wawili wako sahihi.

Kwa miongo mingi iliaminika kwamba ukikata zaidi ndivyo unavyoponya zaidi. Miaka ya 1970 Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Milan waliamua kuipima imani hiyo: wanawake wakapangwa kwa bahati nasibu, wengine watolewe titi lote, wengine sehemu tu. Majibu ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002. Kuishi kulikuwa sawa. Ila katika utafiti wa Fisher, kati ya waliotolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa takriban 39 kati ya 100. Waliopigwa mionzi, 14.

Yaani kutoa uvimbe peke yake ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni mionzi, karibu kila siku, kwa wiki kadhaa. Na kwa miaka mingi mgonjwa wa Mara akihitaji mionzi amelazimika kufunga safari hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo daktari wa Musoma anajiuliza kimoyomoyo: huyu mama atapata nauli? Atalala wapi? Akiona hapana, anachagua upasuaji ambao mara nyingi (si mara zote) unapunguza hitaji la mionzi. Tatizo ni kwamba sababu hiyo hakuisema.

Basi muulize: "Kama mionzi ingekuwepo hapa hapa, ungenishauri vilevile?" Swali hili moja linamaliza ubishi mwingi.

Lingine: huenda hawakusoma karatasi moja. Mmoja ana majibu ya vipokezi vya homoni na HER2, mwenzake hana, na majibu hayo yanaweza kubadili mpango mzima, hata dawa zikaanza kabla ya kisu. Omba nakala ya majibu ya maabara. Kile kinyama kilichohifadhiwa kinaweza kusomwa kwingine bila wewe kuchomwa tena.

Butiama wanaijua saratani ya damu, ndiyo iliyomchukua Mwalimu kule London, Oktoba 1999. Zipo saratani za damu zinazokwenda taratibu, ambapo daktari anaweza kukushauri usubiri bila dawa huku ukipimwa, na hiyo ni tiba. Titi si hivyo. Uchambuzi wa mwaka 2020 katika jarida la BMJ ulionyesha kuchelewesha upasuaji wa saratani kwa wiki 4 kunaongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8. Maoni ya pili tafuta, ila panga tarehe ya kuamua kabla hujapanda basi la Mwanza.