ZANZIBAR KWA MSAFIRI WA KUTOKA BARA: MAHALI PA KUTEMBELEA NA MAMBO YA KUJIFUNZA





Kila mwaka madrasa zetu huulizwa na wazazi: tukijaaliwa kuwapeleka watoto safari, tuwapeleke wapi? Wengi hutaja Zanzibar. Ni jawabu zuri, lakini mara nyingi anayelitaja anafikiria ufukwe na picha za kupiga baharini. Ufukwe ni neema ya Mwenyezi Mungu na hakuna ubaya kuuona. Hata hivyo, mtu aliyeuza mpunga wake ili mtoto asafiri kutoka Mpanda hadi baharini anastahili mtoto huyo arudi na elimu pia. Katika Qur'ani, Sura ya Al-Ankabut aya ya 20 na Sura ya Ar-Rum aya ya 42, tunaamrishwa kutembea katika ardhi tukatazame namna uumbaji ulivyoanza na namna ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Basi tutazame visiwa hivi kwa jicho hilo.

ZANZIBAR NI KUBWA KIASI GANI?

Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo vingi. Unguja ina kilomita za mraba zipatazo 1,660 na Pemba zipatazo 980. Sisi wa Katavi tunaweza kupima hivi: Hifadhi ya Taifa ya Katavi peke yake ina kilomita za mraba 4,471, yaani inavizidi visiwa vyote hivyo kwa pamoja. Lakini katika sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilihesabiwa watu 1,889,773, wakati mkoa wetu mzima ulikuwa na watu 1,152,958. Mtoto wa Magamba aliyezoea pori na mashamba ya mbali ataona mara moja tofauti ya kuishi penye nafasi na kuishi penye watu wengi.

NJIA YA KWENDA

Reli ya Mpanda inaungana na Reli ya Kati pale Kaliua, kisha Tabora, na kuendelea hadi Dodoma na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 kuna pia treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Wengine hupanda basi kupitia Tabora. Kutoka Dar es Salaam, boti za kasi hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi.

Hapa tunawasihi wazazi jambo moja. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafariki. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kuchukua tahadhari. Kateni tiketi dirishani na si kwa mtu wa njiani, hakikisheni jina la kila mtoto limeandikwa, waonyesheni watoto maboya yalipo, na mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, msipande hata kama nauli imekwisha kulipwa.

MAHALI PA KUTEMBELEA

1. Msikiti wa Kizimkazi

Tungependa mwanafunzi wa madrasa aanzie hapa. Msikiti huu upo Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ukutani penye kibla kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yale yamebaki. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 900 iliyopita, kabla ya Mreno kufika na kabla ya Sultani wa Oman kutawala, watu wa mwambao walikuwa wakisali na kuandika. Msikiti unatumika mpaka leo, kwa hiyo ingieni kwa udhu na adabu, na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

2. Mji Mkongwe

Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake imechongwa kwa ustadi mkubwa. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Karibu yake ni Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo ilipata umeme na lifti mapema kuliko majengo mengine ya pande hizi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo kabla hamjapanga kuingia ndani, ulizeni kwanza kama pamefunguliwa.

Wanafunzi wapite pia mtaa wa Ukutani, mahali ilipokuwa madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir (1860-1925). Yeye na Sayyid Ahmed bin Sumeit (1861-1925) walikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Afrika Mashariki, na wanafunzi walikuja kwao kutoka Lamu, Ngazija na bara. Baadaye Zanzibar ilimtoa Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy (1912-1982), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na kisha wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, na Waislamu wengi wa bara wameijua maana ya Qur'ani kupitia kazi hiyo.

3. Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa

Hapa tuna maneno marefu kidogo, maana wapo wazazi wanaotaka mahali hapa parukwe. Wanasema ni uwanja wa kanisa, na pia habari zake zinawachafua Waislamu. Tunaheshimu hofu yao, lakini hatuoni sababu ya kuparuka.

Soko lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa kushinikizwa na Waingereza. Mwishoni mwa mwaka huo Waanglikana walianza kujenga kanisa lao mahali pale. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, na kuna maonyesho ya picha na maelezo. Wengi wa waliouzwa pale walipitishwa Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na wengine walipitishwa Bagamoyo kutoka pande za Tabora na Ziwa Tanganyika, yaani pande zetu hizi. Mjini humo humo, mtaa wa Shangani, bado ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Misafara yake ilipita kusini mwa Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake, naye alifariki Zanzibar mwaka 1905.

Ndugu msomaji, njia ile ile ya misafara ndiyo iliyoleta Uislamu na Kiswahili Tabora na Ujiji, na kutoka huko vikafika kwetu. Kwa hiyo sisi wa Katavi tuna pande mbili katika habari hii. Imani yetu ilipita njia ile, na wazee wetu walipita njia ile wakiwa wapagazi, na wengine wakiwa mateka. Mtoto akifichwa upande mmoja, siku atakapousikia kwa mtu mwingine ataona kwamba walimu wake walimdanganya, na huenda akaacha kuwaamini hata katika mambo ya dini.

Basi tumwambie ukweli pamoja na hukumu yake. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada kubwa na kafara ya makosa kadhaa, na Sura ya At-Tawba aya ya 60 imetaja ukombozi wa watumwa miongoni mwa mafungu ya zaka. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Watu waliotekwa vijijini kwao bara walikuwa watu huru. Aliyewateka na aliyewauza, awe Mwarabu, Mswahili au mtemi wa bara, alivunja amri hii, na kuitwa kwake Mwislamu hakumpi udhuru. Mwanafunzi anayelijua hili anaweza kusimama Mkunazini kichwa juu, akaomba dua kwa walioonewa, na kumjibu kwa adabu yeyote atakayemuuliza.

4. Mashamba ya viungo na hamamu ya Kidichi

Karafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Ililetwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza ipandwe kila mahali. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Wakulima wetu wa tumbaku watatambua hapa somo la kutegemea zao moja. Huko Kidichi kuna hamamu ya kale aliyoijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shaharazad.

5. Jozani na Changuu

Msitu wa Jozani ni makazi ya kima punju, mnyama asiyepatikana mahali pengine duniani ila Zanzibar. Kisiwa cha Changuu, mbele ya mji, kilijengwa gereza katika miaka ya 1890, lakini halikutumika kwa wafungwa bali kisiwa kikawa karantini ya wasafiri wenye maradhi. Leo watu huenda kuwaona kobe wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli.

6. Pemba, kwa mwenye nafasi

Pemba ina watalii wachache na mabaki mengi ya kale. Ras Mkumbuu kuna magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita, na Pujini kuna ngome inayohusishwa na mtawala Mkame Ndume. Kisiwa cha Misali, kwa mapokeo ya wenyeji, kilipata jina lake kutokana na msala, kwa kuwa Nabii Khidri alisali hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi wa Misali walifundishwa kuhifadhi bahari kwa dalili za Qur'ani, kwamba binadamu ni khalifa katika ardhi na amekatazwa kuharibu. Somo hilo linafaa kwetu tunaokata miti ya mkaa.

SALA NA ADABU ZA MSAFIRI

Safari ya Zanzibar ni ndefu kiasi cha kuruhusu kufupisha sala. Msafiri husali rakaa mbili Adhuhuri, Alasiri na Isha, na anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Alfajiri na Magharibi hazifupishwi. Ukisali nyuma ya imamu mkazi, kamilisha pamoja naye. Katika madhehebu ya Shafi'i, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hafupishi tena tangu afike. Asiyeweza kusimama chomboni kwa mawimbi husali amekaa.

Vaeni nguo za sitara hata mkiwaona wageni wamevaa vingine. Salimieni kwanza ndipo muulize njia. Wazanzibari hulipa salamu uzito. Patana bei kabla ya huduma, na mbebe vitambulisho, maana sehemu kama Jozani Mtanzania hulipa pungufu kuliko mgeni wa nje. Epukeni mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwani barabara na bahari huchafuka.

Mzazi asiyeweza gharama hii asijione amemnyima mtoto wake elimu. Tabora na Ujiji ziko karibu zaidi, na habari hii ya misafara imeandikwa huko pia. Mwanafunzi asome makala hii, kisha amuulize babu au bibi yake: wazee wetu walifikaje hapa, na nani aliyemfundisha wa kwanza wao kusema bismillahi? Jawabu aliandike kwenye daftari na alilete darasani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Maandishi ya Msikiti wa Kizimkazi yanataja mwaka gani wa Hijria?
2. Taja wanazuoni wawili wa Zanzibar na kazi zao.
3. Kwa nini aliyemuuza mtu huru hana udhuru katika Uislamu?
4. Ni sala zipi zisizofupishwa safarini?

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu waende salama na warudi salama, na elimu yao iwe yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.