Fimbo ya sangara: Tazama uzito wa chambo kabla ya bei

Biashara ya utalii ya Arusha imesimama juu ya Serengeti, Ngorongoro na milima miwili, Meru na Kilimanjaro. Hata hivyo, mara kwa mara hujitokeza mgeni anayetaka kuvua samaki. Kwa mwenye kampuni ndogo ombi hilo ni fedha, lakini pia ni swali la mtaji: anunue fimbo gani ya kumwazima mgeni, na kwa bei ipi?

Ikiwa mgeni anataka tu kupitisha saa mbili katika Ziwa Duluti, pale Tengeru, jibu ni jepesi. Ziwa hilo la kreta lina perege na kambale, na kwa samaki hao ufito wa mwanzi, mshipi mwembamba na mnyoo vinatosha. Anayenunua fimbo nzito kwa ajili ya Duluti anatupa fedha zake. Maziwa ya Momella, upande wa pili wa Meru, ni ya magadi. Huko watu huenda kutazama flamingo.

Mambo hubadilika mgeni anapotaja sangara. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na anaweza kufikia kilo 200. Mahali panapojulikana zaidi nchini kwa kumvua kwa fimbo ni Kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Uvuvi wa kujifurahisha huko unahitaji kibali, na mwenye kampuni anaweza kuulizia masharti yake bila kusafiri, kwa kuwa makao makuu ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, yapo hapa hapa Arusha.

Sangara mkubwa huvuliwa kwa chambo bandia, yaani samaki wa plastiki au mbao mwenye ndoano tumboni. Chambo hicho huweza kukokotwa nyuma ya boti, au kutupwa kwa mkono kuelekea kwenye miamba na kuvutwa. Kukokota hakuhitaji fimbo ya ufundi mwingi. Kutupa ndiko kunakoua fimbo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea.

Kosa lenyewe ni kufikiri kwamba samaki mzito anahitaji fimbo ngumu kuliko zote. Juu ya mpini wa fimbo nyingi kuna maandishi madogo yenye vipimo viwili. Kimoja ni nguvu ya mshipi, kwa paundi. Kingine, kwa aunsi au gramu, ni uzito wa chambo ambacho fimbo imetengenezwa kukitupa, wala si uzito wa samaki. Aunsi moja ni kama gramu 28. Fimbo iliyoandikwa aunsi 1 ikifungwa chambo cha gramu 100 inaweza kuvunjika wakati wa kutupa, kabla samaki hajaonekana. Ile ya baharini iliyo ngumu kama mpini wa jembe haitavunjika, lakini haipindi, kwa hiyo chambo huanguka karibu na boti na mgeni huchoka mabega kabla ya saa nne asubuhi.

Kuna kundi la wavuvi walioumiza kichwa kwa tatizo hili hili kwa miaka mingi. Ni wale wa Marekani na Kanada wanaomfuata samaki aitwaye muskie, mlaji mkali wa maziwa ya huko. Mwenye kilo 20 huhesabiwa kuwa jitu, kwa hiyo kwa sangara ni mtoto; lakini vyambo vyake ni vikubwa, na wenyewe hutania kwamba anahitaji kutupiwa mara elfu kumi ndipo aume. Kwa sababu hiyo fimbo zao hutengenezwa kwa kutupa vitu vizito kutwa nzima: futi 8 hadi 9, mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Kwa vyambo vya sangara vya gramu 60 hadi 120, iliyoandikwa aunsi 2 hadi 6 inafaa kabisa. Zipo za kutupa chambo cha nusu kilo. Hizo mwuzaji abaki nazo.

Huko kwao, za bei nafuu huuzwa takriban dola 100 hadi 150, na za juu hupita dola 300. Anayeagiza asisahau nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18. Je, tofauti ya bei inanunua nini? Zaidi ni wepesi. Fimbo ghali ni ya kaboni nyingi, nyepesi mkononi, lakini ikigongwa kwenye ukingo wa boti hupata ufa usioonekana. Ya bei ya chini iliyochanganywa kaboni na nyuzi za kioo ni nzito kidogo na huvumilia mikono migeni. Kwa fimbo ya kuazimisha, hiyo ya pili ndiyo bora, hata kama mwenye kampuni ana uwezo wa ile ya kwanza.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fimbo ya shilingi 400,000 ikidumu safari 20, kila safari imegharimu shilingi 20,000. Ya shilingi 120,000 ikivunjika katika safari ya nne, ni shilingi 30,000 kwa safari. Hapo bado hasira ya mgeni haijahesabiwa, na kisiwani hakuna duka la kukimbilia.

Dukani, au kwa mgeni anayeuza vitu vyake kabla ya kurudi kwao, majaribio ni machache. Chupa ndogo yenye mililita 100 za maji ina gramu 100 na kidogo; ifungwe kwenye mshipi uliopitishwa katika pete zote, kisha fimbo iinuliwe. Ipinde kutoka theluthi ya juu, isilale hadi mpinini. Pamba ipitishwe ndani ya kila pete: ikinasa, kuna ufa, na ufa huo utakata mshipi.

Usafiri nao una sauti. Ndege ndogo za kwenda Rubondo kwa kawaida huruhusu mizigo laini ya kilo 15 kwa abiria, na fimbo nzima ya futi 9 haina pa kulala. Bora ya vipande vitatu au vinne, maungio yapakwe nta ya mshumaa yasilegee. Mfuko wake hauna haja ya kununuliwa: bomba la plastiki la inchi tatu, lile la maji taka, likikatwa kwa kipimo na kuzibwa ncha mbili linatosha.