Akili haitulii kazini? Chunguza mwili kabla ya kujiita mvivu

Wiki hii nazungumza na wewe unayeshona nyumbani peke yako. Unapima wateja, unakata, unashona, unapiga pasi, unajibu meseji za WhatsApp na kukumbushia madeni. Katikati ya hayo unapika na kumpokea mtoto anayerudi shule. Nitakayosema yatamfaa pia anayeoka keki, anayesuka au anayechora hina. Wote mnafanana kwa jambo moja: kazi nzima iko mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo akipoteza umakini hakuna wa kumshikia.

Dalili unazijua. Umekata mikono miwili ya gauni, yote ya upande wa kushoto, na kitenge ni cha mteja. Umeanza nguo ya sendofu ukaiacha, ukashika sare ya shule ukaiacha, na jioni hakuna iliyokwisha. Umesoma vipimo mara tatu na bado hujavishika. Wengi wakifika hapo hujiita wavivu, au huambiwa na watu wa nyumbani kwamba simu imewaharibu. Simu ina sehemu yake, na nitaifikia. Lakini nakuomba uanze na mwili, kwa sababu wengi wanaokuja kliniki wakilalamika kwamba "akili haitulii" huwa na tatizo linaloweza kupimwa na kutibiwa.

Anayefanya kazi na wenzake ana watu wanaomtazama kila siku. Mmoja wao atamwuliza, "Mbona leo umepauka?" Mwingine atamwambia, "Dada, siku hizi unasinzia mno." Wewe huna wa kukuambia. Mteja anaitazama nguo yake, hakutazami wewe. Kwa hiyo ni rahisi kuishi na ugonjwa kwa miezi ukidhani ni uchovu wa kazi.

Ubongo unavyofanya kazi

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili unaitumia ukiwa umepumzika. Unahitaji sukari na oksijeni zinazofika kwa damu, tena bila kukatika. Damu ikipungua, usingizi ukikosekana au ukishinda na njaa, umakini ni kati ya vitu vya kwanza kuyumba. Mikono bado inaweza kuendesha cherehani, ila kichwa kinakosea hesabu.

Pia ubongo hauwezi kushughulikia kazi mbili zinazohitaji fikra kwa wakati mmoja. Unachofanya ni kuruka kutoka hii kwenda ile. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, hasa kama ya kwanza hajaimaliza, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile aliyoiacha. Ndiyo sababu ukijibu meseji ya mteja anayelalamika, halafu ukarudi kukata kitambaa, mkasi uko kwenye kitambaa lakini kichwa bado kinabishana na yule mteja.

Usingizi

Mtu mzima anahitaji usingizi usiopungua saa 7 kila usiku. Najua wiki za kuelekea Idi, Krismasi na mahafali zilivyo. Mafundi wengi hushona mpaka usiku wa manane kwa sababu ndiyo saa nyumba imetulia.

Lakini jua unacholipia. Utafiti wa watafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya jaribio la kuoanisha macho na mikono vibaya sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Ukiamka saa 11 alfajiri, saa hizo 17 zinatimia saa 4 usiku. Kama ni lazima ufanye kazi baada ya hapo, fanya ile isiyoharibika kirahisi, kama kufungasha nguo zilizokwisha au kupanga vifungo. Kukata kitambaa cha mteja kusubiri asubuhi.

Usijidanganye na vinywaji vya kuongeza nguvu au kahawa ya jioni. Kwa mtu mzima, mwili huchukua wastani wa saa 5 hivi kuondoa nusu ya kafeini. Kahawa ya saa 12 jioni bado nusu yake inakuchangamsha saa 5 usiku, unapohitaji kulala. Na ukiwa unalala saa za kutosha lakini unakoroma sana na kuamka umechoka, mweleze daktari.

Upungufu wa damu

Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, hili ndilo ningependa ulipime kwanza. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Dalili zake huja polepole: kuchoka bila sababu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kuumwa kichwa, kupauka viganja na ndani ya kope, na kushindwa kushika jambo moja kichwani. Wengine hutamani kula udongo au barafu.

Jiulize kuhusu hedhi yako. Ukilazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, ukitoa mabonge makubwa, au hedhi ikizidi siku 7, hiyo ni hedhi nzito. Hata kama mama yako na dada zako wote wako hivyo, inastahili kuchunguzwa, maana huenda kuna uvimbe kwenye kizazi au tatizo jingine.

Kipimo cha wingi wa damu ni cha tone dogo tu. Ukikutwa na upungufu, daktari atatafuta chanzo na kukupa dawa inayofaa. Usinunue vidonge vya madini ya chuma kwa kubahatisha, hasa kama una sikoseli. Ukipewa, viweke mahali ambapo mtoto hafiki. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akivimeza vingi vinaweza kumwua. Katika chakula, dagaa, nyama, maharage na mboga za majani husaidia, na chungwa au ndimu pamoja na chakula huongeza ufyonzaji wa madini hayo. Chai inayonywewa pamoja na chakula huupunguza, kwa hiyo iache ikae saa moja au mbili mbali na mlo.

Macho, sukari, dawa na huzuni

Kama umefikisha miaka 40 na sasa unaisogeza sindano mbali ili uone tundu lake, macho yako yanabadilika kama ya kila mtu wa umri huo. Anayeshona bila miwani anayoihitaji hutumia nguvu nyingi kuona, kisha kichwa kinauma na anadhani amekosa umakini. Pima macho. Pia kila baada ya dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Uchovu unaoambatana na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na ukungu machoni unahitaji kipimo cha sukari. Uchovu wenye kuhisi baridi sana, kuongezeka uzito na choo kigumu unaweza kutoka kwenye tezi ya shingo. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama piritoni, huleta usingizi na kuchanganya fikra. Mwambie daktari kila unachokunywa, pamoja na dawa za miti shamba.

Tena kuna sonona. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi una huzuni karibu kila siku, au kazi uliyoipenda haikuvutii tena, usingizi na hamu ya kula vimebadilika na akili haishiki kitu, huo ni ugonjwa na una tiba. Kufanya kazi peke yako chumbani siku nzima huficha hali hii, kwa sababu hakuna anayeuona uso wako. Mama aliyejifungua karibuni awe mwangalifu zaidi.

Kupanga siku ukiwa bosi na mfanyakazi

Mwili ukishaangaliwa, tengeneza mazingira. Chagua saa zako mbili bora za siku, kwa wengi ni asubuhi, uzitumie kwa kukata na kwa mishono migumu. Kwa saa hizo simu iwe chumba kingine, sauti imezimwa. Waandikie wateja mara moja kwamba unajibu meseji, tuseme, saa 6 mchana na saa 11 jioni. Mteja mzuri atazoea. Atakayekasirika kwa kusubiri saa tatu angekasirika zaidi kwa gauni lililokatwa vibaya.

Kusanya kazi zinazofanana. Kata nguo zote za siku kwa pamoja, kisha shona, kisha zipu na pindo. Ukilazimika kuacha katikati, andika kwenye karatasi ulipofikia na hatua inayofuata, uibane kwenye nguo kwa pini. Mstari mmoja kama "bado mkono wa kulia, bitana tayari" unakipunguzia kichwa mzigo.

Kula kifungua kinywa, weka chupa ya maji karibu na cherehani, simama kila saa. Na uweke kikomo cha oda. Ukijua kwa wiki unamaliza nguo nane vizuri, ya tisa ipewe tarehe ya wiki inayofuata. Kukubali oda zote kunaonekana kama kutafuta riziki, lakini ndiko kunakoleta usiku wa kutolala, makosa na fidia za vitambaa.

Mtoto akiwa karibu na kazi

Mzazi anayefanya kazi nyumbani ana umakini unaogawanyika kwa haki kabisa, kwa sababu mtoto lazima aangaliwe. Usijaribu kukata kitambaa huku unamlinda anayetambaa. Kazi ya makini ifanye akiwa amelala au yuko na mtu mzima mwingine. Pini, sindano, mkasi na vifungo vikae kwenye kopo lenye mfuniko, juu. Waya wa pasi usining'inie.

Mtoto akimeza pini, sindano au betri ndogo ya duara, kama zile za mizani ya jikoni, mpeleke hospitali saa ileile hata kama anacheza. Usimtapishe, wala usimpe mkate au ugali ili "kuisukuma". Betri ya aina hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa 2 tu.

Usisubiri katika hali hizi

Nenda hospitali mara moja ukichanganyikiwa ghafla, mdomo ukienda upande, mkono au mguu mmoja ukikosa nguvu au maneno yakigoma kutoka. Hizo ni dalili za kiharusi. Nenda haraka pia ukitokwa damu nyingi, ukikosa pumzi, ukizimia, au ukiwa mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana na kuona maluweluwe. Na ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu sasa hivi na mwende pamoja hospitali.

Kwa wasio na dalili hizo, kuna kazi ya wiki moja. Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari lako la oda. Kila siku andika saa ulizolala, ulichokula na saa ngapi, kosa ulilofanya kazini na lilitokea saa ngapi, na kama uko kwenye hedhi. Mwombe pia mtu mmoja, awe fundi mwenzako wa mtaa wa pili au dada yako, akutazame usoni mara moja kwa wiki na akuambie ukweli. Mfanyie naye hivyohivyo.

Baada ya siku 7 utaona kama makosa yanakuja usiku, au kabla ya kula, au siku za hedhi. Kama wiki mbili za usingizi mzuri na utaratibu huu hazijabadilisha kitu, njoo kliniki na daftari hilo. Kurasa hizo zitamwonyesha daktari pa kuanzia, na kipimo cha damu kinaweza kufanyika siku hiyohiyo.