Mtambo Twaununua, Hesabu Yake Twaikimbia

Kuna swali ambalo kila mwalimu wa hesabu hulipata walau mara moja kwa muhula, na aghalabu huulizwa siku ambayo ubao umejaa michoro ya mawimbi ya saini na kosaini: "Mwalimu, haya yatatufaa nini maishani?" Nimelisikia swali hilo kwa miaka mingi. Wenzangu hulijibu kwa njia mbili: wapo wanaosema yatakuja katika mtihani, na wapo wanaokasirika. Yote mawili hayamtendei haki mtoto, kwa maana jibu la kweli halipo mbali. Kwa sisi tunaokaa Milimani, hapa Kisumu, ni safari fupi ya matatu hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee wetu bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Katika hospitali yoyote ya kiwango hicho, karibu kila kifaa chenye kioo na taa hufanya kazi moja: hupokea wimbi kutoka mwilini, hulisafisha, kisha hulitafsiri.

Wataalamu huiita kazi hiyo uchakataji wa ishara. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe. Ishara ni kitu chochote kinachobadilika na ambacho mabadiliko yake hutueleza habari: mpigo wa moyo, sauti ya mtoto tumboni, kivuli cha mfupa. Tatizo ni kwamba mwili husema kwa sauti ya chini mno. Umeme wa moyo unaofika juu ya ngozi ni kama elfu moja ya volti, ilhali waya zilizo ukutani mwa wodi zina volti 240 zinazotetema mara 50 kila sekunde. Daktari anayetaka kusikia moyo ni kama mtu anayetaka kusikia mnong'ono katikati ya stendi ya mabasi. Atafanyaje? Atafanya afanyavyo mvuvi wa Dunga. Mvuvi huchagua wavu kwa upana wa matundu yake: anayetaka mbuta huwaachia omena wapite, na anayetaka omena hatafuti kwa wavu wa mbuta. Chujio la ishara nalo hutupwa vivyo hivyo. Huacha kupita mitetemo ya kasi fulani na kuizuia mingine, hata ule mvumo wa 50 ukaachwa nje na moyo ukabaki peke yake katika karatasi.

Lakini mtu hawezi kuchuja asichoweza kutenganisha, na hapa ndipo mawimbi ya ubaoni yanapoingia. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu juu ya mwendo wa joto, na ndani yake akadai kwamba umbo lolote, hata liwe na makunyanzi kiasi gani, laweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi sahili ya saini na kosaini. Wakubwa wa hesabu wa zama zake walilitilia shaka dai hilo. Mimi nadhani mpiga nyatiti asingelitilia shaka hata kidogo. Nyatiti ina nyuzi nane. Zikipigwa pamoja, kinachofika sikioni ni mtikisiko mmoja tu wa hewa, wala si minane. Hata hivyo msikilizaji aliyezoea hutambua ni uzi gani uliolegea. Sikio limetenganisha kilichochanganywa. Fourier aliwapa wanahesabu njia ya kufanya kwa kalamu kile ambacho sikio hufanya bila kufundishwa, na mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey wakachapisha njia ya mkato iliyoiwezesha tarakilishi kuifanya kazi hiyo haraka mno. Bila mkato huo, nyingi katika mashine tunazozungumzia zingekuwa polepole kiasi cha kutomfaa mgonjwa.

Naomba sasa mwanafunzi achukue kalamu. Chora mraba na uugawe vyumba vinne. Ndani ya kila chumba kuna namba iliyofichwa. Nakuambia tu kwamba vyumba viwili vya juu vikijumlishwa ni 9, vya chini ni 6, vya kushoto 7 na vya kulia 8. Tafuta namba zenyewe. Ukiwa mwepesi utasema juu ni 5 na 4, chini ni 2 na 4. Jirani yako atasema juu ni 6 na 3, chini ni 1 na 5, naye pia atakuwa sawa. Mtagombana bure, kwa sababu habari niliyowapa haitoshi. Nikiwaongezea jumla moja tu ya mshazari, kwamba chumba cha juu kushoto na cha chini kulia hufanya 9, ugomvi umekwisha: jibu ni lile la kwanza, na halipo lingine.

Mwanafunzi aliyelifumbua fumbo hilo ameshaelewa mtambo wa CT. Eksirei ya kawaida hutoa kivuli kimoja, yaani jumla ya vyote ambavyo mwale umepitia, mfupa na nyama na hewa, bila kusema kipi kilikuwa mbele na kipi nyuma. Mtambo wa CT huuzunguka mwili na kukusanya jumla za kila upande, kisha tarakilishi hutafuta namba zilizofichwa, si vyumba vinne bali malaki. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa njia hiyo tarehe 1 Oktoba 1971 jijini London, kwa mtambo wa Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI iliyosifika kwa santuri za muziki.

Wachache wetu huwaambia wanafunzi kwamba nusu ya hadithi hii ni ya Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956, akiwa mhadhiri wa fizikia Cape Town, aliombwa asimamie vifaa vya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur kwa siku moja na nusu kila juma, kwa kuwa sheria ilidai awepo mwanafizikia. Aliona jinsi madaktari walivyokadiria dozi za mionzi kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja kisicho na mifupa wala mapafu, na jambo hilo likamkera. Alikaa akaitafuta hesabu ya kuufichua undani wa mwili kutokana na vivuli vyake. Aliichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Baadaye sana akagundua kwamba Johann Radon wa Austria alikuwa ameshalifumbua fumbo hilo kinadharia tangu 1917, bila kumfikiria mgonjwa yeyote. Cormack na Hounsfield walishirikiana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa daktari. (Ningependa sentensi hiyo ibandikwe katika kila ofisi ya mwalimu mshauri anayewaambia watoto kuwa njia ya kuingia hospitalini ni biolojia peke yake.)

Sasa tugeukie kwetu. Mwezi Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali 98, zikiwemo mbili katika kila kaunti. Sikuwa miongoni mwa waliobeza mpango huo; mgonjwa wa Homa Bay au Siaya hana sababu ya kusafiri hadi Nairobi kutafuta picha ya kifua. Lakini kamati ya Seneti iliyouchunguza ilipotoa ripoti mwaka 2020, miongoni mwa yaliyojitokeza ni vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme ama maji. Tulijadiliana sana juu ya bei. Juu ya nani atakayeielewa mashine, aitengeneze inapokorofika, aiulize maswali inapodanganya, hatukujadiliana hata robo ya hapo.

Jirani zetu wametuonyesha kwamba yawezekana kuanza upande wa pili. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Dkt. Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Leiden na Delft huko Uholanzi na wa Penn State huko Marekani, waliunganisha mwaka 2022 mtambo mdogo wa MRI kutokana na vipande vilivyosafirishwa ndani ya masanduku. Mtambo wa kawaida wa hospitali hutumia sumaku kubwa inayopozwa kwa heliamu ya majimaji na hugharimu fedha nyingi mno. Huu wa Mbarara hutumia vipande vya sumaku za kudumu vilivyopangwa kwa duara, na nguvu yake ni kama sehemu moja ya thelathini ya ule mkubwa. Sumaku dhaifu hutoa ishara dhaifu, na picha yake huja na ukungu na kupindapinda. Kinachoiokoa ni hesabu: chujio, marekebisho ya upindaji, na njia za kutambua kelele za umeme wa jengo na kuzitoa. Kusudio la kwanza lilikuwa watoto wenye kichwa maji, maradhi yanayojulikana sana katika ukanda wetu. Ili kumhudumia mtoto huyo, daktari wa upasuaji hahitaji picha ya kupendeza. Ahitaji kuona maji yako wapi na ni kiasi gani. Na mhandisi aliyeufunga mtambo kwa mikono yake hatangojea fundi apande ndege kutoka Ulaya utakapokorofika.

Kuna sababu nyingine ya kuijua hesabu hii, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Wakati wa korona sote tulikizoea kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni ya damu, yaani oksimita. Msingi wake ulivumbuliwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Hupenyeza mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa jicho kupitia kidole, kisha hulinganisha kiasi kinachofyonzwa kila moyo unapopiga. Lakini mwanga huo hupita pia katika ngozi, na rangi ya ngozi nayo hufyonza. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walichapisha matokeo yaliyostahili kututikisa: miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita iliwasoma kati ya asilimia 92 na 96, waliokuwa kwa hakika na upungufu mkubwa wa oksijeni walikuwa asilimia 3.6 kwa wazungu na asilimia 11.7 kwa weusi. Kifaa hakina chuki na mtu. Kilifundishwa kusoma kwa kutumia watu ambao wengi wao hawakuwa na ngozi kama yetu, basi, na kikakosea kwa upande ambao walimu wake hawakuutazama. Fikiria sasa mtoto mwenye nimonia katika zahanati ya Nyakach, muuguzi mmoja, kibanio kimoja, na namba inayosema mambo ni shwari.

Nani atakayekipima kibanio hicho juu ya ngozi zetu kama si sisi?

Kuhusu simu nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa nazo ni mashine za ishara tupu: wimbi kutoka mnara hugonga mabati na vilima, likafika vipande vipande kama mwangwi, na rununu hulazimika kuliunga upya. Kituo cha afya cha Chulaimbo, kwenye barabara ya kwenda Maseno, kilikuwa mahali pa utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu watu wazima 431 walioanza dawa za kupunguza makali ya ukimwi. Waliopata arafa ya kukumbushwa mara moja kwa juma, asilimia 53 yao walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa. Wasiopata arafa, asilimia 40. Arafa za kila siku hazikusaidia, wala maneno marefu ya kutia moyo hayakuongeza kitu. (Walimu wakuu wanaopenda hotuba za gwaride watajisomea wenyewe.)

Simu hizo hizo zimesaidia kuifuatilia malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia kumbukumbu za karibu simu milioni 15 za Kenya, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, kuchora safari za watu, ukazilinganisha na ramani za malaria. Ukanda wetu wa ziwa ulijitokeza kuwa chimbuko kubwa la vimelea vinavyosafiri na watu hadi Nairobi. Majina ya wenye simu hayakuwamo, nami naona faida yake kwa taifa ilikuwa kubwa. Hata hivyo, tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na mwanafunzi anayejua ni kiasi gani mnara wa simu humfahamu mtu ndiye atakayejua pia aidai kwa maneno yapi.

Ombi langu kwa walimu wenzangu na kwa wakuu wa hospitali za mji huu si la fedha. Mafundi wa vifaa vya tiba wapo, na siku za kuzipima na kuzirekebisha mashine zinajulikana. Siku moja ya namna hiyo kwa muhula, wanafunzi 20 wa hesabu na fizikia waruhusiwe kusimama kando wakiwa na daftari. Waone kipimo cha moyo kabla chujio halijawashwa, mistari ikichezacheza kama nyasi za ziwani, kisha fundi abonyeze kitufe. Mimi nitakuja na wa kwangu, na mraba wa vyumba vinne tutakuwa tumeshaufanya darasani.