Jiwe la Rangi ya Majani

Katika nchi ya Katanga kuna vilima ambavyo miti mikubwa haioti. Pande zote ni msitu, lakini juu ya kilima huota majani mafupi na maua madogo tu. Wazee wa zamani walivitambua vilima hivyo kwa mbali. Walijua kwamba chini ya udongo ule kuna jiwe la rangi ya majani mabichi, liitwalo malakiti. Ukilishika mkononi huoni shaba hata kidogo. Si jekundu, wala halikunjiki. Ukiligonga kwa nyundo linavunjika.

Hata hivyo wazee walipata shaba katika jiwe hilo, karne nyingi kabla ya reli na viwanda. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, watu waliokota mawe, wakayaponda na kuyachagua. Wafundi walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo hustahimili moto. Ndani waliweka makaa na mawe, kisha wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Saa zilipita, jasho likawatoka. Mwishowe shaba ikatiririka, ikaingia katika mashimo madogo yaliyochimbwa mchangani, mara nyingi kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumiwa kama fedha. Imeonekana hata ndani ya makaburi ya kale sana huko Sanga, karibu na ziwa Kisale. Wafundi hao waliitwa wala shaba.

Basi, shaba ilitoka wapi? Na rangi ya majani ilikwenda wapi? Elimu inayojibu maswali ya namna hii ndiyo kemia. Kemia huchunguza vitu vimefanywa kwa nini, na jinsi kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kitu kingine.

Si kila badiliko ni kazi ya kemia. Tia chumvi katika maji: haionekani tena. Lakini anika maji hayo juani katika sahani, na kesho chumvi ipo pale pale. Haikugeuka, ilijificha tu. Kuni sivyo. Kuni zikiungua, majivu hayarudi kuwa kuni, hata ungengoja mwaka mzima. Jembe lililosahauliwa mvuani hupata kutu, na kutu si chuma tena. Mama akichemsha mafuta ya ngazi pamoja na maji ya majivu, anapata sabuni. Hakuna anayefua nguo kwa mafuta, wala kwa majivu peke yake bila kuchubua mikono. Vitu viwili vimeungana, na cha tatu kimezaliwa chenye tabia nyingine.

Jiwe la malakiti nalo ni vitu vilivyoungana: shaba, oksijeni, kaboni na haidrojeni. Moto unapolipasha, kwanza hutoka mvuke wa maji pamoja na hewa yenye kaboni. Unabaki unga mweusi, yaani shaba iliyoshikamana na oksijeni. Hapo makaa hufanya kazi yake. Kaboni ya makaa yapenda oksijeni kuliko shaba inavyoipenda. Inainyakua na kwenda nayo hewani. Shaba inabaki peke yake. Kwa hiyo makaa hayakuwa ya kuleta joto tu. Wazee hawakuyajua majina hayo, lakini mikono yao ilijua njia, na anayewaita wajinga ajaribu kwanza kuwasha tanuru kama lao.

Lakini fundi wa zamani alipima kwa jicho. Mkemia hupima kwa mizani. Mfaransa Lavoisier, aliyezaliwa mwaka 1743, alifungia vitu ndani ya vyombo, akavipima uzito kabla ya kuvichoma na baada ya kuvichoma. Uzito ulikuwa ule ule. Majivu ni mepesi kuliko kuni kwa sababu sehemu kubwa imepanda na moshi, si kwa sababu imepotea. Tangu hapo kemia ikawa elimu ya hesabu. Leo mkemia aweza kusema, kabla ya kuwasha moto, kwamba katika kilo 100 za malakiti safi kabisa mna shaba kilo 57 na kidogo.

Hesabu hiyo imewapa watu wengi kazi. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ilitoka katika tanuru la Lubumbashi. Mawe ya machimbo si safi. Mara nyingi katika kilo 100 shaba ni kilo chache tu. Kwa hiyo kipande cha jiwe hupelekwa kwanza katika maabara, yaani nyumba ya kupimia. Huko mfanyakazi hukisaga, hukiyeyusha katika asidi, kisha hupima. Akikosea, watu watachimba miezi mingi bure. Wengine husimamia mapipa makubwa ambamo asidi huitoa shaba katika jiwe, na umeme huikusanya. Asidi ya kiberiti huunguza ngozi na kupofusha macho. Anayeichanganya humimina asidi polepole ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, kwa maana joto ni kali na maji yangeruka usoni. Tena maji machafu ya kiwanda sharti yapimwe yasije yakaua samaki mtoni. Mahali ambapo kazi hii imedharauliwa, wavuvi ndio wa kwanza kulia.

Wakemia wengine hutumika kwa ajili ya wagonjwa. Zamani mtu wa malaria alipewa unga wa ganda la mti wa kinkina. Ganda moja lilikuwa na nguvu, lingine hafifu; mgonjwa hakujua anakunywa nini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kinini safi katika ganda hilo. Tangu siku ile dawa iliweza kupimwa: kidogo mno haiponyi, nyingi mno hudhuru masikio. Miti hiyo ilipandwa katika milima ya Kivu, na kiwanda cha kinini kikajengwa Bukavu. Baadaye, mwaka 1972, Mchina mmoja, mama Tu Youyou, na wenzake walipata dawa nyingine ya malaria katika mmea. Walipouchemsha, nguvu yake ilipotea. Walipotumia moto mdogo na kiyeyushi kiitwacho etha, dawa ikatoka. Mwaka 2015 mama huyo alipewa tuzo ya Nobel.

Kuna pia watu wabaya wanaouza vidonge vya uongo sokoni. Kidonge chaweza kuwa cheupe na kichungu, na ndani mna unga tu. Mama humpa mtoto mwenye homa, akangoja apone. Jicho haliwezi kutambua, wala ulimi. Mkemia hukiponda na kukipima, naye hujua.

Wako pia wapimaji wa maji ya kunywa, wanaotia shabu ili uchafu uzame, na klori ili vijidudu vife. Wako watengeneza sabuni, rangi, saruji na mbolea, na walimu wa kemia.

Mtoto anayetaka kazi hizi, mvulana au msichana, ashike sana hesabu na Kifaransa, maana vitabu vingi vya kemia nchini vimeandikwa kwa lugha hiyo. Katika sekondari atachagua sehemu ya sayansi. Kisha atakwenda chuo kikuu, kwa mfano Lubumbashi, Kisangani au Kinshasa. Huko maabara mara nyingi ataanza kwa kuosha vyombo vya kioo, kuvikausha, na kuandika uzito wa kila kitu katika daftari.